Sarafu ya Bati: Siku Niliyovua Kofia

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, usijali, nitakuvusha upesi.

Mimi ni George Oketch, fundi wa friji hapa Eldoret. Marehemu baba yangu, Mzee Okeyo, alifanya kazi ya reli kule Timboroa mpaka akastaafu, kisha macho yakamwishia. Alikuwa na senti kumi ya zamani, ile ya tundu katikati, ya mwaka wa 1936. Babake alimpa siku alipotoka Nyakach kwenda kutafuta kazi, naye akaitunza kama mboni ya jicho. Nyumba yetu ya Burnt Forest ilipochomwa wakati wa ile vita ya uchaguzi, senti ikapotelea humo. Mzee hakulilia nyumba wala ng'ombe. Alililia ile senti.

Mwaka jana nikaamua kumtafutia nyingine kama hiyo. Mke wangu Brigid akanionyesha ukurasa mtandaoni, Hazina ya Kale, unaouza sarafu za zamani. Picha zilikuwa safi, muuzaji alikuwa mpole kupita kiasi, kila mtu anamwita "mpendwa". Nikatuma pesa. Kifurushi kikaja, nikatia sahihi kwamba nimekipokea kikiwa salama kabla sijakifungua, nikakimbia nacho kwa Mzee kama mtoto aliyepata namba moja.

Mzee akaipapasa. Kisha akaiangusha sakafuni, akatega sikio.

"Hii ni bati," akasema. "Mmeona macho yangu yameisha, mmeanza kunichezea."

Nilijieleza mpaka nikakauka koo. Hakunisikia. Akageukia ukuta, na hakunisemesha tena mpaka tulipomzika. Matangani Nyakach, baba zangu wadogo walinionyesha kwa kidole: huyu ndiye aliyempa kipofu bati. Nilichimba kaburi la baba yangu nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Wiki jana niliishia pale kando ya kaburi, nilipoapa kwamba nitamtafuta mwenye Hazina ya Kale, nimpate, na nimtie mikononi mwa watu wasio na huruma. Leo nawaambia nilivyompata. Au tuseme, nilivyodhani nimempata.

Sikutaka kurudishiwa pesa, hilo lieleweke. Pesa hata sitaitaja hapa. Nilitaka mtu. Nilitaka kuona uso wake wakati anaelewa kwamba mzee wa watu alikufa akinichukia kwa sababu yake.

Kwanza nilijifunza kazi yake, maana mtu huwezi kumtega mnyama usiyejua anakula nini. Niliichukua ile picha ya sarafu aliyonitumia, nikaitafuta mtandaoni, nikaikuta kwa mzungu mmoja Uingereza, pale pale juu ya kitambaa kile kile cha buluu. Nikakumbuka nilivyomwomba anipigie picha ya upande wa pili, akaniambia kamera imeharibika. Nilivyomwomba aiweke sarafu juu ya gazeti la siku hiyo nijue kweli anayo, akaniambia, "Mpendwa, tuaminiane." Nami nikaaminiana naye, mjinga mimi.

Na yule jamaa alikuwa ananunua pia. Hapo ndipo nilipopata mlango. Aliandika kwenye ukurasa wake kwamba yeyote mwenye sarafu za babu amtumie kwanza, alipwe akishazikagua. Maoni ya chini yalikuwa kilio kitupu. Mama wa Moiben alituma, hakulipwa. Mwalimu wa Turbo alituma, akafungiwa simu.

Nikanunua laini mpya ya simu, nikajigeuza msichana. Nikawa Waithira wa Burnt Forest, babu yangu amefariki, ameacha kopo la sarafu, sijui zina faida gani, naomba msaada.

Alijibu kabla chai yangu haijapoa. "Pole sana mpendwa. Usizisafishe. Ukizisugua zinaharibika thamani. Nitumie picha."

Kisha akaanza kunidai kila kitu alichoninyima mimi. Nipige picha pande zote mbili. Niweke juu ya gazeti la leo. Niweke sumaku karibu nione kama inashika, maana ile senti halisi haishiki sumaku. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Brigid akauliza kuna nini. Mtu anayetapeli watu kutwa kucha, alikuwa na hofu ya kutapeliwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Lakini picha zilihitaji sarafu halisi. Nikapanda hadi Burnt Forest kwa Mzee Mungai, mwenye duka la hardware, mtu wa makamo ya baba yangu. Nilimuuliza tu kama anamjua mtu mwenye senti za mkoloni.

Mungai akainama chini ya kaunta, akatoa kopo la misumari, akalimwaga. Katikati ya misumari zilikuwemo senti kumi za tundu, tatu au nne hivi. Akaokota moja, akaifuta kwa kidole gumba, akasoma mwaka.

"Thelathini na sita," akasema. "Ni hii unatafuta?"

Sarafu kama ile ambayo baba yangu aliililia ilikuwa hapo kijijini, kwenye kopo la misumari, muda wote niliokuwa nikiisaka kwa matapeli.

"Kwa nini haukuniuliza, kijana yangu?" Mungai akasema. "Okeyo nilimjua. Hiyo vita ilituchomea wote, yeye na mimi. Ningempelekea mwenyewe. Chukua, bure. Peleka umwekee kwa kaburi."

Niliiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Mungu ananiona, ningeweza kugeuka hapo hapo, nishike njia ya Nyakach, niiweke sarafu kaburini na kumwomba baba msamaha. Lakini kile kitendo cha huyo mzee, kunipa bure kitu nilichotapeliwa, kilinitia hasira mpya. Nikajiambia sikanyagi kaburini mpaka nimemaliza kazi yangu.

Nikapiga picha, nikatuma. Hazina ya Kale akapagawa. "Mpendwa, tuma leo leo. Tumia ofisi ya parcel, Eldoret. Mtu wangu atachukua." Sikuamini kuna mtu; tapeli mwenye hofu hivyo lazima aje mwenyewe.

Ndani ya boksi sikuweka sarafu. Niliweka washa ya compressor ya friji, kile kipete cha chuma chenye tundu katikati, nikaifunga kwa karatasi nyingi kama dhahabu. Nje nikazungusha utepe mwekundu ili boksi lijulikane hata kwa mbali.

Ofisi ya vifurushi iko mtaa wa nyuma, karibu na stage ya pikipiki. Anayehudumia dirishani anaitwa Waiyego, na ndiye aliyenihudumia ile siku ya balaa. Nilipomweleza, akaweka kalamu chini.

"Fundi, mimi ndio nilikuharakisha usaini," akasema. "Laini ya watu ilikuwa imefika barabarani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu: fungua hapa mbele yangu, chukua video, ndio usaini. Meneja hapendi, lakini nawaambia."

"Basi nisaidie nimkamate."

"Nikusaidie aje?"

"Anayekuja na ile namba ya parcel, wewe uliza kwa sauti: hii ni ile ya Burnt Forest? Hiyo tu. Mengine ni yangu."

Alinitazama machoni. "Sitaki damu kwa ofisi yangu. Kama ni kumpiga, wampige huko nje."

"Nani amesema kupigwa?"

"Macho yako," Waiyego akasema.

Nikaenda stage kwa Mburu, mwenyekiti wa waendesha pikipiki. Mburu ananiheshimu, maana niliitengeneza friji ya maziwa ya mkewe siku ambayo biashara ilikuwa inaoza. Nilimweleza habari ya Mzee na bati. Vijana wake wakasikiliza huku wanatikisa vichwa. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wake aliyetapeliwa.

"Fundi, hiyo ni kitu ndogo," Mburu akasema. "Sisi tutakuwa hapa ng'ambo. Wewe simama kwa mlango, ukihakikisha ni yeye, vua kofia. Hiyo tu. Vua kofia, na mwenye boksi ya utepe red ni wetu."

"Mtamfanya nini?"

"Tutamkanda kidogo. Akili irudi."

Mmoja wao alikuwa na nyahunyo, ule mjeledi wa ngozi, kiunoni. Nyuma ya kibanda chao niliona gurudumu kuukuu limeegemezwa ukutani, na kando yake mtungi wa petroli. Niliviona vyote viwili. Nilijua vinafanya kazi gani vikikutana na mwizi. Nikageuza uso, nikajifanya naangalia mawingu, na moyoni nilisikia raha. Nasema ukweli, raha.

Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa kofia yangu ya kazi, ile ya kijani. Brigid alikuwa anakunja nguo.

"Leo uko wapi?" akaniuliza.

"Burnt Forest. Friji ya mtu wa maziwa."

"Utarudi jioni?"

"Jioni."

Akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "George, hii kitu ya sarafu umeachana nayo, ama?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umekonda. Mzee ameshaenda. Ukimwaga damu ya mtu, usirudi nayo kwa nyumba yangu."

Nikamwambia nimeshaacha. Tulikuwa tunadanganyana kwa sauti nzuri kabisa, kama watu wanaopendana. Wakati huo nilidhani anayedanganya ni mmoja.

Nilikaa kwenye benchi ya ofisi ile asubuhi nzima, najifanya nasubiri mzigo. Kila aliyeingia nilimpima. Akaja jamaa wa suti, viatu vinang'aa, simu mbili, anatabasamu na kila mtu. Nikasema ni huyu, mpole huyu, anayeita watu "mpendwa" ni huyu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kofia. Akachukua kioo cha pembeni cha gari, akamshukuru Waiyego, akaenda zake. Mtu wa watu aliponea hapo na hajui mpaka leo.

Kisha simu yangu ikaita. Brigid.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, upande wa vyoo, ili asisikie kelele za mjini.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika zamani. Nimeshaifungua friji."

"Mbona nasikia pikipiki?"

"Kwani Burnt Forest hakuna pikipiki?"

"Sawa. Chunga barabara."

Niliporudi, shuttle ya Nakuru ilikuwa imeshusha mizigo na ofisi ilikuwa imejaa pomoni. Watu wamesongamana mbele ya dirisha, naona migongo tu. Nilikuwa bado najipenyeza nilipoisikia sauti ya Waiyego.

"Hii ni ile ya Burnt Forest? Ile ya Hazina?"

Sikusikia jibu. Sikulihitaji. Nilirudi nyuma nikizunguka watu, nikasimama mlangoni kama tulivyopanga, mgongo wangu kwa barabara na uso wangu kwa dirisha. Ng'ambo nilijua Mburu ananiangalia. Nilitaka kuona uso kwanza. Huo uso nilikuwa nimeusubiri tangu matanga.

Watu wakasogea. Boksi la utepe mwekundu likapita mikononi mwa Waiyego, likaingia mikononi mwa mtu mrefu mwenye mwavuli mweusi. Mtu akageuka.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Mama Leonida, mamake Brigid, aliyekuwa matroni wa shule ya wasichana mpaka akastaafu, anayeishi Yamumbi, anayeongoza akina mama kanisani. Kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri, miwani imening'inia kifuani, na ile washa yangu ya friji ameikumbatia kama Biblia.

Sasa msomaji, kama wewe si mtu wa kwetu, nikueleze kidogo. Kwetu Wajaluo mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hamkai benchi moja. Humshiki. Yeye hali kwako ovyo wala halali nyumbani kwako, na mkikutana njiani, wewe ndiye unayempisha. Na mwanamume mwenye adabu hawezi kumtazama mama mkwe wake yeye mwanamume akiwa na kofia kichwani. Hilo nilifunzwa na Mzee Okeyo mwenyewe, kwa mkono wake, kabla hata sijaoa.

Kwa hivyo Mama Leonida aliponitazama, mkono wangu haukuniuliza.

Nilivua kofia.

Niliivua kwa heshima zote, nikaishika kifuani, nikainamisha kichwa. "Mama," nikasema.

"George," akasema. "Si nimeambiwa uko Burnt Forest?"

Ndipo niliposikia nyuma yangu pikipiki zikiangushwa, na miguu ikivuka barabara.

Nilirudisha kofia kichwani haraka haraka, kana kwamba hiyo ingewarudisha. Wapi. Mburu alikuwa ameshanipita begani, na vijana wake nyuma yake.

"Ni huyu?" akapaza sauti.

"Si huyu. Mburu, si huyu."

"Boksi si ndio hii? Utepe si ndio huu?"

"Nakwambia si huyu."

"Fundi, usiingiwe na huruma saa hii," kijana wa nyahunyo akasema. "Mwizi akiwa cucu, akiwa nyanya ya mtu, bado ni mwizi."

Mtu akasema neno "mwizi" mara ya pili, na mara ya tatu lilitoka kwa watu ambao hata hawakujua kuna nini. Waliokuja kuchukua mizigo yao wakaanza kusukumana. Kitambaa cha Mama Leonida kikavutwa, nywele zake nyeupe zikaonekana, jambo ambalo mimi mkwe wake sikuwa nimewahi kuliona. Hakulia. Aliinua mwavuli, akampiga nao mtu wa kwanza, kisha mwavuli nao ukanyakuliwa.

Nikasikia mtu huko nje anaitisha gurudumu.

Ni lile gurudumu nililojifanya sijaliona. Sasa lilikuwa linakuja kwa mama wa mke wangu.

Nilifanya kitu ambacho mtu wa kwetu hafanyi. Nilimrukia mama mkwe wangu, nikamkumbatia kwa mikono yote miwili, nikambana ukutani, nikamfunika kwa mwili wangu wote. Nyahunyo ikanitua mgongoni. Ikanitua tena. Kuna aliyenipiga ngumi ya sikio. Nilisikia pumzi ya Mama shingoni, nikasikia mapigo ya moyo wake kifuani kwangu, na aibu ilinichoma kuliko ile nyahunyo.

"Huyu ni mama mkwe wangu," nilikuwa napiga kelele ukutani. "Mburu, ni mama mkwe."

Waiyego ndiye aliyetuokoa. Alivuta chini chuma cha mlango, kile cha kufungia ofisi jioni, kikaanguka kwa kishindo, nusu ya watu wakabaki nje wakikigonga. Waliokuwa ndani wakashtuka. Mburu akatanua mikono, akawasukuma vijana wake nyuma.

"Ngojeni," akasema. "Ngojeni kwanza. Fundi, huyu ni nani?"

"Ni mama ya bibi yangu."

Mburu akashika kichwa. Hata wao Wakikuyu hilo wanalielewa.

Ofisi ikatulia, ila wale wa nje.

"George," sauti ikatoka chini ya kidevu changu. "Ondoka kwa mwili wangu."

Niliruka nyuma kama niliyeshika waya wa moto. Kofia ilikuwa imeanguka, imekanyagwa. Mama Leonida aliokota kitambaa chake, akajifunga taratibu, bila kuharakisha hata kidogo. Matroni ni matroni.

"Wewe ndio umeleta hawa watu?" akaniuliza.

Ningeweza kukana. Nilikuwa nimekana mambo mengi tangu asubuhi. "Ni mimi, Mama."

"Wanipige?"

"Sikujua ni wewe."

"Ulidhani ni nani?"

"Mwenye Hazina ya Kale. Yule aliyeniuzia ile bati ya Mzee."

Alinitazama, akalitazama boksi sakafuni, na nikaona kitu kinabadilika usoni mwake. Ilikuwa kama mama anayesikia jina la mtoto wake likiitwa mlangoni usiku.

"Sijui Hazina," akasema polepole. "Mimi nimetumwa."

"Na nani?"

Akatafuta simu kwenye mkoba, akavaa miwani, akafungua ujumbe. Hakunipa simu mkononi, maana hata wakati ule alikumbuka adabu. Aliiweka kwenye kaunta, akarudi nyuma hatua moja, nami nikasogea nikaisoma.

Namba niliijua kwa kichwa. Nimeipiga kila siku tangu tuoane.

*Mama, nichukulie parcel pale kwa shuttle. Ukiulizwa useme ni ya Hazina. Nenda na ID yako kama kawaida. Leo ni sawa, George yuko Burnt Forest.*

Nilirudia kuisoma. Herufi hazikubadilika.

"Kama kawaida," nikasema.

"Nimekuwa nikimchukulia tangu mwaka jana," Mama Leonida akasema. "Aliniambia ni vitambaa, ni biashara ya kushona. Aliniambia wewe hutaki afanye biashara, kwa hivyo nisikuambie. Nilikuwa namsaidia mtoto wangu. Sijawahi kufungua hata moja."

Nikamkumbuka Brigid akinionyesha ule ukurasa kwenye simu yake, akiniambia hawa wanaonekana waaminifu. Nikamkumbuka matangani Nyakach, akilia mpaka wanawake wakamshika. Nikakumbuka shati lililokunjwa na kukunjuliwa. *Ukimwaga damu ya mtu, usirudi nayo kwa nyumba yangu.* Alikuwa anajiombea.

Lakini kulikuwa na jambo lililokataa kukaa. Hazina ya Kale alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti, nikiwa George na hata nikiwa Waithira. Nimezisikiliza mpaka nazijua pumzi. Ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Mama," nikasema, "hizi parcel ukishazichukua, unampelekea nani?"

Mama Leonida alivua miwani. Akaanza kuifuta kwa ncha ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliangalia chini mbele yangu.

"Usiniulize hiyo, mkwe wangu. Niulize ingine yoyote."

"Nakuuliza hiyo."

"Nenda ukamuulize mke wako. Saa hii yuko na huyo mwanamume kwa nyumba yako. Alijua hautarudi mpaka jioni."

Ofisi nzima ilisikia. Waiyego akaweka mkono mdomoni. Mburu akajifanya anasoma bei za vifurushi ukutani.

Nilipapasa mfuko wa shati. Senti kumi ya Mzee Mungai ilikuwa bado ipo, baridi, na tundu lake katikati. Njia ya Nyakach ilikuwa bado wazi. Ningeweza kupanda gari hapo hapo, nikaiweke mahali pake, na mengine yote yaoze yenyewe.

Nikamwona baba yangu amegeukia ukuta.

"George," Mama Leonida akasema. Sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka, na hakuwa ametetemeka hata mbele ya nyahunyo. "Brigid ni mtoto wangu. Umenishika leo, umevunja kila kitu, nami nimekusamehe. Usiende na hawa watu."

Niliinama nikaokota kofia yangu ya kijani. Nikaikung'uta vumbi gotini.

"Waiyego, inua mlango," nikasema.

Chuma kikapanda. Nje vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki, na mmoja wao bado ameshikilia gurudumu.

Nilivaa kofia mbele ya mama mkwe wangu, nikiwa nimemtazama machoni.

"Washa pikipiki, Mburu," nikasema. "Tunaenda kwangu."